Mwaka 2008 dunia ilivuna mchele mwingi kuliko wakati wowote, bei ikapanda mara tatu. Taifa lijifunze nini?

MtunzaGhala (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila bei ya unga inapopanda, nyuzi za humu huwa na majibu mawili: ama mvua hazikunyesha, ama walanguzi wameficha mzigo. Yote mawili hutokea kweli. Ila nimekaa kwenye biashara ya nafaka muda mrefu, nikinunua mahindi Nyanda za Juu Kusini, na ninaamini kuna sababu ya tatu ambayo hatuipi uzito wake: hofu ya serikali zenyewe. Upungufu mdogo hugeuka njaa pale kila nchi inapofunga mlango kwa kuogopa kwamba jirani atafunga kwanza. Naomba tuijadili kwa kina, maana na sisi tumeshafanya hivyo zaidi ya mara moja.

Naanza na mchele wa 2008 kwa sababu mfano wake uko wazi.

Mavuno ya mchele duniani msimu wa 2007/08 yalizidi ya miaka yote iliyotangulia. Hapakuwa na ukame uliofuta mashamba ya Asia. Hata hivyo mchele wa Thailand, uliokuwa ukiuzwa kama dola 350 kwa tani mwishoni mwa 2007, ulivuka dola 1,000 kufikia mwisho wa Aprili 2008.

Ilikuwaje? Moto ulianzia kwenye ngano na mafuta. Australia ilikuwa imepigwa na ukame, akiba ya ngano duniani ikapungua. Mafuta yalikuwa yakipanda kuelekea dola 147 kwa pipa, bei yaliyofikia Julai 2008, na mafuta yakipanda hupanda nayo mbolea, dizeli ya trekta na gharama za meli. Marekani nayo ilikuwa ikipeleka mahindi mengi zaidi kwenye viwanda vya ethanoli ya magari. India, ambayo hulisha mamilioni ya watu wake kupitia maduka ya mgao, ikaona ngano ya kuagiza imekuwa ghali mno, ikaamua mchele wake ubaki nyumbani. Oktoba 2007 ikaanza kuwekea vizuizi mchele wa kawaida, na Aprili 2008 ikafunga kabisa, ikaacha basmati tu. Katikati ya hapo, Novemba 2007, kimbunga Sidr kikaipiga Bangladesh, ikajikuta inatafuta mchele kwa jirani ambaye ameshaanza kubana. Mapema 2008 Vietnam ikasimamisha mikataba mipya. Misri nayo ikafunga.

Upande wa wanunuzi, Ufilipino ndiyo iliyokuwa ikiagiza mchele mwingi kuliko nchi yoyote wakati huo. Rais Gloria Arroyo aliiomba Vietnam imhakikishie mzigo. Kisha shirika lao la chakula likatangaza zabuni za mamia ya maelfu ya tani kwa mkupuo, hadharani. Mfanyabiashara yeyote humu anajua kinachofuata: muuzaji akiona mnunuzi ana wasiwasi kiasi hicho, anakaa na mzigo wake anasubiri. Bei ikaruka tena. Mwezi huo wa Aprili wakazi wa Ho Chi Minh City, ndani ya nchi inayouza mchele nje, walikimbilia madukani kununua kwa wingi. Marekani kwenyewe, maduka ya Sam's Club yaliweka kikomo cha mifuko mikubwa ya mchele ambayo mteja mmoja angeweza kubeba.

Mchele unaovuka mipaka ni sehemu ndogo sana ya mchele unaolimwa. Wakati ule ilikuwa kama asilimia 7. Uliobaki huliwa hukohuko ulikovunwa. Kwa hiyo nchi tatu nne zikifunga, wanaotegemea kununua wanabaki kugombania mabaki, hata kama mashamba ya dunia yamejaa.

Sasa angalieni kilichovunja bei. Kwa makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani, Japani hulazimika kuagiza mchele kila mwaka ingawa wananchi wake wanapenda wa kwao. Ulikuwa umerundikana maghalani, zaidi ya tani milioni moja, mwingi ukitoka Marekani, na sehemu yake ikiishia kulishwa mifugo. Mei 2008 Marekani ikaonyesha kwamba haitapinga Japani kuuza mchele ule nje. Bei ikaanza kuporomoka hapohapo, kabla mchele wenyewe haujapakiwa melini. Soko lilitulia kwa kujua tu kwamba mzigo upo na unaweza kutoka.

Waliolipa ni wengine kabisa. Haiti ilikuwa imeshusha ushuru wa mchele kutoka nje, kutoka asilimia 50 hadi 3, katikati ya miaka ya 1990. Mchele wa Marekani wenye ruzuku ukafurika, wakulima wa bonde la Artibonite wakashindwa kushindana. Bei ya dunia ilipopaa, Haiti haikuwa na pa kujishika. Aprili 2008 watu waliingia barabarani, na Seneti ikamwondoa Waziri Mkuu Jacques-Édouard Alexis. Miaka miwili baadaye Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani wakati ushuru ule unashushwa, alikiri mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani kwamba sera ile ilikuwa kosa, iliwafaa baadhi ya wakulima wa jimbo lake la Arkansas na ikawaua wa Haiti. Nimemtaja kwa sababu wapo wanaodhani dawa ya njaa ni kufungua soko tu na kununua chakula cha bei rahisi popote kilipo. Haiti ilifanya hivyo, na watu wake wakalala njaa.

Tuje nyumbani.

Tanzania tulizuia mahindi yasitoke 2008. Tukazuia tena 2011, mwaka ambao Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia. Watu takriban 258,000 walikufa kule kati ya mwishoni mwa 2010 na mapema 2012, nusu yao watoto chini ya miaka mitano. Sisemi zuio letu ndilo lililowaua; kule kulikuwa na ukame, vita, na Al-Shabaab waliofukuza mashirika ya misaada. Nasema tu kwamba katika mwaka ambao pembe yote ya Afrika ilihitaji nafaka kuliko kawaida, mkulima wa Rukwa alikuwa na mahindi na hakuruhusiwa kuyauza kwa mwenye shida. Juni 2017 tukafunga tena.

Nieleze zuio linavyofanya kazi, maana wengi hulisikia redioni na kudhani limemsaidia mlaji. Tangazo likitoka, mnunuzi aliyekuwa anapeleka Namanga au Holili, mpakani na Kenya, anaacha kununua siku ileile. Bei Sumbawanga na Songea inaanguka. Mkulima ana deni la mbolea na ada za watoto, anauza kwa bei yoyote. Mwenye mtaji ananunua rahisi, anatunza au anapitisha njia za panya, na faida iliyopaswa kuwa ya mkulima inaliwa na wenye lori na wanaofumba macho usiku. Msimu unaofuata mkulima anapunguza ekari za mahindi, anaweka alizeti au ufuta. Hapo ndipo mlaji wa Dar aliyedhani amelindwa anapokutana na bei mpya ya sembe. Zuio linamlinda kwa miezi michache halafu linamdai mwaka unaofuata.

Sasa linganisheni na 2024. El Niño iliunguza karibu hekta milioni moja za mahindi Zambia, kati ya milioni 2.2 zilizopandwa, na mwishoni mwa Februari Rais Hichilema akatangaza janga la taifa. Malawi na Zimbabwe zikafuata. Sisi tulikuwa na mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ukasaini kuiuzia Zambia tani 650,000. Mkulima wetu akapata mnunuzi, jirani akapata ugali, nchi ikapata fedha za kigeni. Hatukufunga kwa sababu tulijua tuna nini ghalani. Ninachotaka taifa lifanye kimejificha humo.

Kwanza, akiba. Mradi wa vihenge uliojengwa kwa mkopo wa Poland wa dola milioni 55, kule Makambako, Mbozi, Songea, Babati na kwingineko, ulilenga kupandisha uwezo wa kuhifadhi kutoka tani 251,000 hadi 501,000. Ni kazi nzuri. Pigeni hesabu lakini: ukigawa tani hizo kwa Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa 2022, kila mmoja anapata kilo nane. Kwa mla ugali wa kila siku ni kama mwezi. Akiba haiwezi kumlisha kila mtu na haikusudiwi hivyo. Inatakiwa ihimili pengo hadi mzigo wa kununuliwa ufike, na itulize soko. Ili itulize, watu lazima waamini kwamba ipo. Kiasi kilichomo ghalani kitangazwe kila mwezi, na kanuni iandikwe mapema: bei ikifika hapa tunauza, ikishuka hapa tunanunua. Waziri asiamke asubuhi na tamko.

Malawi walionja ubaya wa akiba isiyo na uangalizi. Mwaka 2001 waliuza karibu akiba yao yote ya mahindi, ikiwemo kwa ushauri wa wakopeshaji waliosema ni kubwa na inagharimu, na sehemu ya mahindi hayo ikaenda kwa watu wenye nafasi walioyauza baadaye kwa bei ya juu. Mwanzoni mwa 2002 watu walikuwa wanakufa njaa.

Pili, mbolea, na hapa ndipo ninapotaka tukae. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, wote tuliongelea ngano na mafuta ya alizeti. Ni kweli, nchi hizo mbili zilikuwa zinauza karibu theluthi ya ngano yote inayovuka mipaka duniani, na Machi mwaka huo kipimo cha bei za chakula cha FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kilifikia kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Lakini kwa mkulima wetu, pigo lenyewe lilikuwa mbolea. Urusi na Belarus ni wauzaji wakubwa wa mbolea, na urea hutengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo gesi ilipopanda Ulaya, mfuko wa urea Njombe nao ukapanda. Mfuko wa kilo 50 ulivuka shilingi 120,000. Mkulima asipoweka mbolea mwaka huu, upungufu utaonekana mwakani, wakati kamera zote zimeshaondoka. Ruzuku iliyozinduliwa Mbeya, Nane Nane ya 2022, ikashusha DAP (mbolea ya kupandia) na urea hadi 70,000, na naamini ndiyo sababu mojawapo ya sisi kuwa na mahindi ya kuuza 2024.

Sri Lanka walifanya kinyume. 2021 Rais Gotabaya Rajapaksa alipiga marufuku mbolea za viwandani karibu ghafla, fedha za kigeni zikiwa zimepungua, akisema nchi itahamia kilimo hai. Nchi iliyokuwa inajitosheleza kwa mchele ikaanza kuagiza. Novemba mwaka huohuo wakarudisha mbolea, lakini mavuno yalishaharibika. Julai 2022 rais akakimbia nchi.

Tatu, uwezo wa kununua. Dunia inavuna takriban tani bilioni 2.8 za nafaka kwa mwaka, na bado mwaka 2023 watu wapatao milioni 733 walikuwa na njaa. Sokoni chakula kipo, mfukoni hela haipo. Ethiopia tangu 2005 wana mpango wa kudumu unaowalipa fedha au nafaka watu wa wilaya zenye njaa ya kila mwaka, kabla hawajauza ng'ombe na jembe. Kenya wana wa Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Sisi tuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mpango wa namna hii ukishasimama, mwaka wa ukame unauongezea fedha na watu, huhangaiki kuandikisha majina upya wakati watoto wameshakonda.

Karibuni kwa hoja.

---

Mkaazi_Nairobi

Asante ndugu, uzi wenye uzito. Ila nakuona unaongea kama muuzaji. Sisi wanunuzi huku Kenya tunajua upande wa pili. Mkifunga huko, unga wetu unapanda ndani ya wiki mbili. Na mkifungua, kuna wakati sisi wenyewe tunafunga: Machi 2021 mahindi yenu na ya Uganda yalizuiwa kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni Namanga, halafu baada ya siku chache yakaruhusiwa kwa masharti.

Halafu kuhusu ruzuku. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, unga wa kilo mbili uliteremshwa kutoka zaidi ya shilingi 200 hadi 100. Kwenye karatasi. Kwa maduka mengi ya mtaani haukuonekana, na ulioletwa uliisha asubuhi. Serikali iliyofuata ikasema haimsaidii mlaji bali mkulima, mbolea ikashuka kutoka 6,500 hadi 3,500 kwa mfuko. Sawa, nilifurahi. 2024 ikagundulika kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa kwa mpango huo ilikuwa feki. Sasa mwambie mama wa Trans Nzoia aliyepanda na mchanga aamini ruzuku.

MtunzaGhala

Mkaazi, hoja zako ni nzito na sitazipita juu juu.

Kwenye sumukuvu wenzetu hamkukosea kuogopa. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Kenya, wengi Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwetu 2016 watu kama 20 walikufa, Dodoma na Manyara. Hili ni tatizo la kukausha na kuhifadhi, na ndilo linalotula kimyakimya. Mahindi yanavunwa na unyevu, yanaanikwa chini kwenye udongo, yanafungwa kabla hayajakauka, kisha dumuzi wanamalizia. Mkulima anajua, ndiyo maana anauza haraka mwezi wa sita au wa saba kwa bei ya kutupa, na mwezi wa kwanza ananunua mahindi yaleyale kwa bei mara mbili. Mifuko isiyopitisha hewa, turubai la kuanikia na kipima unyevu kimoja kwa kila kijiji vingeokoa mahindi mengi. Hakuna mwanasiasa atakayekata utepe wa turubai, na nadhani ndiyo sababu halinunuliwi.

Mpaka ungefungwa kwa kipimo: lori lipimwe, lenye sumu lirudi, safi lipite. Kuzuia nchi nzima kwa tangazo ni hofu ileile ya mchele wa 2008.

Kwenye unga wa 100 nakubaliana nawe moja kwa moja. Kushusha bei ya pakiti dukani kunamnufaisha mwenye gari anayenunua bando zima kabla mwenye kibarua hajatoka kazini. Fedha hiyo ingemfikia mlengwa kwenye simu, angenunua unga, maharage au viazi kadiri anavyoona. Na mbolea feki ni jinai, inayeyusha mwaka mzima wa familia. Ruzuku isiyo na maabara ya kupima mfuko kabla haujatoka ghalani ni bora isiwepo.

---

Mwana_Rukwa

Mimi ni mkulima, ekari kumi na mbili, mahindi na maharage. Nimesoma yote. Mtunza, umeandika ukweli kuhusu zuio. Mwaka ule wa 2017 na uliofuata, gunia lilikosa mnunuzi. Watu walibadilishana mahindi kwa sabuni.

Ila usisahau na hili. Hata mipaka ikiwa wazi, mnunuzi anakuja na lumbesa, gunia linashonewa kilemba, kilo mia na ishirini zinalipwa kama mia. Na akiba unayoisifu inajazwa na sisi. Kuna mnunuzi alichukua mzigo wangu, malipo yakaja mbegu zikiwa zimeshaota kwa wenzangu. Ningekuwa nimemuuzia dalali kwa bei ya chini ningepanda kwa wakati. Kwa hiyo ukiandika kanuni zako za bei, andika na siku za kumlipa mkulima.

MtunzaGhala

Mwana Rukwa, hilo nalichukua kama lilivyo na ninaliweka kwenye hoja kuu: kununua bila fedha mkononi kusiruhusiwe. Akiba ya taifa isijengwe kwa mkopo usio na riba kutoka kwa mkulima mwenye ekari kumi na mbili. Na mizani itumike, sheria ya vipimo ipo, lumbesa ni wizi unaofanyika mchana mbele ya watendaji wa kijiji.

Stakabadhi ghalani ingekusaidia mahali fulani: unaweka mzigo kwenye ghala lenye leseni, unapewa karatasi, benki inakukopesha juu ya karatasi hiyo, unauza bei ikipanda. Kwenye korosho na ufuta imesukumwa kwa nguvu. Kwenye mahindi imekwama, na sehemu ya sababu ni mazuio: benki gani itakukopesha kwa dhamana ya mahindi ambayo bei yake inaweza kuanguka kwa tangazo la Ijumaa jioni?

---

Jembe_Halilali

Mkuu mimi napinga. India wanafunga wanavyotaka na hakuna anayewagusa. Julai 2023 walifunga tena mchele mweupe hadi Septemba 2024. Kwa nini sisi ndio tuwe wema? Dawa ni kujitegemea kwa kila kitu. Ngano tulime wenyewe, mafuta tukamue wenyewe, tufunge geti.

MtunzaGhala

Ndugu yangu, India inaweza kwa sababu ghala la serikali yake lina mamilioni mengi ya tani na soko lake la ndani ni la watu zaidi ya bilioni. Hata hivyo mkulima wake ndiye aliyeumia: bei Thailand na Vietnam ilivuka dola 600, ya juu kuliko miaka kumi na mitano iliyopita, na yeye wa Punjab hakuiona.

Kujitegemea kwa ngano tumeshajaribu, na kwa ukubwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Kanada ilitusaidia kuanzisha mashamba ya ngano Hanang, Basotu na maeneo jirani, chini ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo, yakafikia karibu ekari 100,000. Matrekta, mashine za kuvunia na vipuri vyake vilitoka Kanada. Wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho yao bora na makaburi ya wazee wao yakalimwa. Wafadhili walipoondoka mashamba hayakuweza kujiendesha, na leo ngano tunayokula karibu yote inapakuliwa bandarini. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu udongo wa Basotu ni mzuri. Kilichokosekana ni mkulima mwenyewe ndani ya mradi.

Mafuta ya kula ni tofauti, hapo nakuunga mkono kwa moyo wote. Alizeti inastawi Singida, Dodoma na Simiyu bila kulazimishwa, ipo mikononi mwa wakulima wadogo, na mashine za kukamulia zipo mijini kote. Indonesia ilipozuia mafuta ya mawese Aprili 2022, hata kwa wiki chache, dumu la lita ishirini hapa lilimtoa jasho kila mama ntilie. Hapo kuna maana ya kuwekeza kwenye mbegu bora na kumlinda mkulima kwa ushuru usiobadilika kila bajeti.

Na tuache kudharau chakula kisichopanda meli. Muhogo, mtama, uwele, viazi vitamu na ndizi havina bei inayopangwa kwenye soko la nafaka la Chicago. Katika mwaka wa ukame Dodoma, mwenye uwele anavuna na mwenye mahindi anatazama mabua. Utafiti wetu na ruzuku zetu zimeelemea mahindi kana kwamba mvua za Mbeya zinanyesha kila wilaya.

---

Mpemba_wa_Unguja

Assalaam aleikum. Nyinyi wa bara mnajadili mahindi, sie huku chakula ni wali. Mchele wetu mwingi unakuja kwa meli kutoka Asia. India ikifunga, sie tunalijua kabla yenu. Tunalima Cheju na mabonde mengine, lakini kisiwa ni kisiwa, ardhi haiongezeki. Kwa hiyo huo ushauri wa kujenga vihenge na kuuza jirani unatufaa nini?

MtunzaGhala

Waaleikum salaam. Umegusa sehemu niliyoiacha, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, maana nchi inayonunua haiwezi kujilinda peke yake.

Baada ya 2008 nchi za Asia zenyewe ziliona aibu ya kile walichofanyiana. Nchi kumi za ASEAN, jumuiya ya Kusini Mashariki mwa Asia, pamoja na China, Japani na Korea Kusini zikasaini mwaka 2011 akiba ya pamoja ya mchele wa dharura: tani 787,000 zilizoahidiwa na kila nchi kwa kiwango chake, China 300,000, Japani 250,000, Korea 150,000, waliobaki 87,000. Mchele unakaa kwenye maghala ya mwenye nao na unatoka mwenzake akipatwa na janga. Ukilinganisha na wanachokula ni kidogo, lakini mnunuzi aliyeogopa kama Ufilipino ya 2008 leo ana mlango mwingine wa kugonga kabla ya kutangaza zabuni za hofu. Afrika Magharibi nao, ECOWAS, wana akiba yao ya kanda.

Afrika Mashariki tuna mchele wa Kyela, Mbarali, Kilombero na Shinyanga. Uganda wana wao, Kenya wana Mwea. Zanzibar ingeweza kuwa na mkataba wa kudumu na Mbarali au Kilombero: tani kadhaa kila mwaka, bei ya kanuni iliyokubaliwa, mkulima analipwa sehemu mapema, na sharti kwamba hakuna zuio litakalougusa mzigo huo hata mwaka uwe mbaya kiasi gani. Najua mtasema mchele wa bara ni ghali kuliko wa meli, na miaka mingi ni kweli. Tofauti hiyo ya bei muihesabu kama bima. Unguja mnaagiza chakula kwa pesa ya utalii na karafuu, na mwaka 2020 mliona utalii ulivyokauka ndani ya mwezi mmoja.

Kama kuna mtu humu anafanya kazi kwenye skimu za Mbarali, naomba aseme gharama halisi ya kukoboa na kusafirisha tani moja hadi bandari ya Malindi, Unguja, kwa sasa, tuweke hesabu mezani.